Enoch Sontonga

Enoch Mankayi Sontonga (takriban 1873 – 18 Aprili 1905) alikuwa mwalimu na mtunzi wa nyimbo nchini Afrika Kusini. Anajulikana hasa kwa kutunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao ndio asili ya Mungu ibariki Afrika, wimbo wa taifa wa Tanzania.

Maisha

Alizaliwa Uitenhage, Rasi ya Mashariki, katika familia ya Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, akiongoza pia kwaya. Aliutunga wimbo huo mwaka 1897 na kuuandika kwa sol-fa. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899. Baada ya kifo chake, mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba.

Asili ya tuni

Wengine husema tuni ilitokana na Aberystwyth, tuni ya tenzi ya Joseph Parry wa Welisi iliyochapishwa mwaka 1879. Hata hivyo, kwa sol-fa Aberystwyth hutua kwenye la, ilhali wimbo wa Sontonga hutua kwenye do. Hivyo, hata kama aliifahamu tuni ya Parry, hakuinakili nota kwa nota.

Kumbukumbu

Alizikwa Braamfontein, Johannesburg. Kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo, ingawa wimbo wake uliimbwa katika nchi kadhaa. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu yake hapo.