Mathias Zdarsky, mtu aliyezikwa na theluji

Safari hii tumechagua maisha ya Mathias Zdarsky. Huku kwetu theluji iko juu ya Ruwenzori tu, na wengi wetu hatujaigusa hata siku moja. Lakini ya mtu huyu tumeona inafaa mujue.

Alizaliwa mwaka 1856 kule Moravia, ambayo leo ni sehemu ya inchi ya Cheki. Alikuwa mwalimu, tena mchoraji. Mwaka 1889 akahamia shambani karibu na Lilienfeld, inchi ya Austria. Ndipo akasoma kitabu cha Nansen, yule Mnorwei aliyevuka Greenland mwaka 1888 kwa skii, ni kusema mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Akaagiza skii kutoka Norwei. Zilifaa kwa tambarare, lakini Lilienfeld ni milima mikali. Basi akazifupisha, akatengeneza chuma cha kushika kiatu, akajizoeza mpaka akajua kushuka kwa kugeuka-geuka, na fimbo moja tu mkononi. Watu wakaja wengi kujifunza, naye hakuwatoza kitu. Tarehe 19 Machi 1905 akafanya mashindano ya kushuka kwa kupita milango 85 iliyosimikwa katika theluji.

Halafu ikaja vita ya 14-18. Austria na Italia walipigania juu ya milima, na Zdarsky akawafundisha maaskari namna ya kutembea kule. Adui hakuwa risasi peke yake. Theluji haianguki siku moja ikaisha. Inalala tabaka juu ya tabaka. Pengine tabaka moja la chini linakuwa chembe-chembe kama chumvi, halishikani na kitu. Upepo unaleta theluji ingine, unaipanga juu yake kama ubao mzito. Mtu akikanyaga hapo, ubao wote unakatika na kushuka naye. Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya digrii 30 mpaka 45, na hiyo ndiyo inapendwa sana na watu wa skii! Mara nyingi anayezikwa ni yeye mwenyewe, ao mwenzake, aliyeiangusha. Akifukuliwa upesi, katika dakika kama 15, wengi wanapona. Zaidi ya hapo pumzi inakwisha. Mwezi wa Desemba 1916, kwenye mlima Marmolada, poromoko moja liliua maaskari zaidi ya 200.

Zdarsky alikuwa amepatwa mbele yao. Tarehe 28 Februari 1916 maaskari walizikwa na theluji, naye akaenda pamoja na waliotaka kuwaokoa. Poromoko lingine likashuka, likamchukua. Alijua theluji kuliko karibu wote waliokuwa pale, lakini mlima hauulizi mtu amesoma wapi. Walimtoa akiwa mzima, mifupa yake imevunjika na kuteguka mahali kama 80. Alikuwa na miaka 60.

Wengi walifikiri amekwisha. Yeye akaanza tena kujifunza kutembea, pole pole, kwa maumivu mengi, miaka na miaka, mpaka akarudi juu ya skii. Na mwaka 1929 akatoa kitabu juu ya maporomoko ya theluji, kwa kuwaonya wanaopanda milima wakati wa baridi wasidanganywe na weupe ule uliotulia. Alikufa tarehe 20 Juni 1940 katika mji wa St. Pölten, mwenye miaka 84.