Abdur-Rahman as-Sufi: Mwanachuoni Aliyezihakiki Nyota

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tukisikia elimu ya nyota hudhani ni kupiga ramli na kutabiri bahati. Hayo dini yetu imeyakataza, na siyo tunayoyakusudia hapa. Tunakusudia elimu ya falaki, ambayo kwayo Waislamu walijua kibla, nyakati za swala na njia za safari za bara na bahari. Mmoja wa mabingwa wake ndiye tunayewaletea leo.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abul-Husayn Abdur-Rahman bin Umar as-Sufi. Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 291 H (903 M) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Aliishi zama za Adud ad-Dawla, mfalme wa ukoo wa Buwayh. Imepokewa kwamba mfalme huyu alijifakharisha kwa walimu wake: nahau aliisoma kwa Abu Ali al-Farisi, na nyota kwa as-Sufi.

HALI ALIYOIKUTA

Rejea kubwa ya nyota wakati huo ilikuwa Almajisti, kitabu cha Batlamyus (Ptolemy), aliyeishi Iskandaria katika karne ya 2 Miladia na kuandika kwa Kigiriki. Kina orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Kila nyota imeandikiwa mahali pake na daraja ya mwangaza wake, kuanzia daraja ya 1 kwa zing'aazo sana hadi ya 6 kwa zile zinazoonekana kwa shida.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu na kikaheshimiwa sana. Lakini heshima hiyo ilizaa uvivu. Watu walinakili yaliyomo bila kutazama juu. As-Sufi alilalamika kuwa wako waliosifika kwa elimu hii ilhali nyota walizijua vitabuni na kwenye tufe za kuchorwa tu.

KAZI ALIYOIFANYA

As-Sufi aliichukua orodha ile na kuilinganisha na mbingu, nyota moja baada ya moja. Mwangaza ulipotofautiana na ulioandikwa, aliandika alichokiona yeye. Nyota iliyotajwa asipoiona, alisema. Alipoiona isiyotajwa, alieleza iko wapi. Mahali pa nyota hakupapima upya, bali alijua kuwa husogea polepole kwa kupita miaka, hivyo akaongeza digrii 12 na dakika 42 katika hesabu za Batlamyus.

Pia aliyaweka majina ya Waarabu wa jangwani pamoja na makundi ya Wagiriki. Humo imo Thurayya, ambayo wazee wetu wa pwani huiita Kilimia. Kila kundi alilichora mara mbili: linavyoonekana mbinguni na linavyoonekana juu ya tufe. Kazi hiyo, Suwar al-Kawakib, aliitunga yapata mwaka 353 H (964 M).

KIWINGU KIDOGO

Katika sehemu ya Mwanamke wa Minyororo (Andromeda), as-Sufi alitaja kiwingu kidogo karibu na mdomo wa Samaki. Batlamyus hakukiorodhesha. As-Sufi hakuwa na darubini, wala hakuweza kujua ni kitu gani. Hata hivyo alikiandika.

Mwaka 1612 Simon Marius wa Ujerumani alikitazama kwa darubini. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble wa Marekani akathibitisha kuwa ni galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota ulio nje kabisa ya huu wetu. Mwanga wake hutufikia baada ya miaka takriban milioni 2.5. Subhanallah!

As-Sufi alifariki Muharram 376 H (986 M), akiwa na umri wa miaka 85 ya Hijria. Alipotunga orodha yake ya mwaka 1437 huko Samarqand, Ulugh Beg alichukua kwa as-Sufi nyota 27 za kusini asizoweza kuziona. Njia ya kulinganisha orodha ya kale na mbingu iliendelea pia: mwaka 1718 Edmond Halley wa Uingereza aligundua kwayo kuwa nyota nazo zina mwendo wake. Leo kompyuta hulinganisha orodha za mamilioni ya nyota, na kilichomo katika moja kisiwemo katika nyingine ndicho kinachochunguzwa.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kumheshimu mwalimu si kuacha kuhakiki. As-Sufi hakukitupa kitabu cha Batlamyus. Alikisahihisha kwa adabu.

2. Anayenakili daftari la mwenzake hunakili na makosa yake. Makosa ya orodha ile yaliishi zaidi ya miaka 800 kwa sababu hiyo.

3. Usilolielewa usilifiche. Liandike ulivyoliona, huenda atakayekuja nyuma akalifahamu.

Basi Kilimia ikionekana baada ya Isha, kila mmoja wetu azihesabu nyota zake kwa macho yake, kisha ndipo amuulize mwenzake kapata ngapi.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.