Grace Ibingira: mutu wa korongo kwenye bendera ya Uganda

Kila timu ya Uganda inapocheza, redioni tunasikia jina Cranes, maana yake korongo. Ni ule ndege mwenye taji ya manjano kichwani. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wanamwita umusambi. Yuko pia katikati ya bendera ya Uganda. Anayetajwa kuwa ndiye aliitengeneza bendera hiyo ni Grace Ibingira, na maisha yake yanagusa Congo yetu.

Ibingira alizaliwa mwaka wa 1932 kule Ankole, magharibi ya Uganda. Alisomea sheria Uingereza, kisha akaingia chama cha UPC cha Milton Obote. Uganda ilipopata uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, yeye alikuwa waziri wa sheria.

Bendera ina mistari sita: rangi nyeusi ni watu wa Afrika, manjano ni jua, nyekundu ni undugu. Korongo ameinua mguu mmoja, kuonyesha inchi inasonga mbele. Alichaguliwa juu ya upole wake. Kule China, wachoraji wa zamani walichora korongo wa aina nyingine kwenye hariri, kama alama ya maisha marefu.

Lakini upole wa ndege haukuingia katika siasa. Mwaka wa 1964 Ibingira akawa katibu mkuu wa chama, na yeye na Obote wakaanza kushindana. Februari 1966, bunge lilitaka uchunguzi juu ya dhahabu na pembe za tembo zilizotoka Congo wakati wa vita ya Simba. Jina la Idi Amin, mkubwa wa jeshi, lilitajwa. La Obote pia. Tarehe 22, Ibingira na mawaziri wengine wane wakakamatwa wakiwa kikaoni.

Alikaa kizuizini karibu miaka mitano. Aliyewafungua, 1971, ni Amin yuleyule, kiisha kumpindua Obote. Ibingira akatumwa balozi kwenye Umoja wa Mataifa, halafu akaandika vitabu juu ya misukosuko ya Afrika. Alikufa 1995.

Serikali zimepinduliwa, katiba zimebadilishwa, bendera imebaki ileile. Anayepungua ni korongo mwenyewe: tangu 2012 amewekwa kati ya ndege walio hatarini, maana mabwawa anamotaga yanageuzwa mashamba.