Louis Leakey

Louis Seymour Bazett Leakey (Kabete, Kenya, 7 Agosti 1903 – London, Uingereza, 1 Oktoba 1972) alikuwa mtaalamu wa akiolojia na asili ya binadamu. Anajulikana hasa kwa uchimbaji wake katika bonde la Olduvai, kusini-mashariki mwa mbuga za Serengeti nchini Tanzania.

Utoto

Wazazi wake, Harry na Mary Leakey, walikuwa wamisionari wa Kianglikana kati ya Wakikuyu. Mtoto huyo alikua akizungumza Kikuyu kama Kiingereza, akapitishwa jandoni na vijana wa rika lake. Alipokuwa na miaka 12 hivi alisoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale, akaanza kuokota vipande vya mawe meusi ya volkeno karibu na nyumbani. Wengi walidhani ni mawe tu; yalikuwa zana za watu wa zamani.

Masomo Cambridge

Baada ya miaka michache katika shule ya bweni Uingereza, ambako alijiona mgeni kabisa, aliingia chuo cha St John's, Cambridge, mwaka 1922. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1511, na desturi zake zilikuwa za kale: wanafunzi walivaa joho, walikula pamoja katika ukumbi mkuu, na malango yalifungwa usiku. Kijana aliyezoea kutega wanyama na kulala katika kibanda alichojijengea mwenyewe hakuzoea upesi. Aliwahi hata kuondolewa kwenye uwanja wa tenisi kwa sababu alivaa kaptula, vazi ambalo Kenya halikumshangaza mtu.

Kabla ya kuingia kwenye anthropolojia alitaka kufanya mtihani wa lugha za kisasa, akachagua Kifaransa na Kikuyu. Kanuni za chuo kikuu zilitaka lugha iwe na maandishi, na Kikuyu kilikuwa nayo, zikiwemo tafsiri za Biblia ambazo baba yake alishiriki kuziandaa. Zilitaka pia cheti cha umahiri, naye akaleta hati yenye alama ya kidole gumba ya chifu Koinange. Tatizo lililobaki ni mwalimu. Aliyepatikana ni mmisionari wa zamani aliyewahi kufanya kazi Uganda, na ikabidi mwanafunzi amfundishe mwalimu wake lugha ile.

Mwaka 1923 alipigwa kichwani katika mchezo wa raga. Maumivu yakawa makali kiasi cha kushindwa kusoma, na baadaye maishani alipata kifafa kutokana na jeraha hilo. Daktari alimwamuru aache masomo kwa mwaka mmoja akae mahali pa hewa safi. Kwa kijana asiye na fedha, amri hiyo ingeweza kuwa mwisho wa elimu yake. Lakini wakati huohuo jumba la makumbusho la Uingereza lilikuwa linatuma msafara Tendaguru, mkoani Lindi, kutafuta mifupa ya dinosauri, nalo lilihitaji mtu anayejua Afrika. Leakey aliondoka mwaka 1924 pamoja na William Cutler, mchimbaji aliyejua mifupa ila hakuijua nchi. Ndiye Leakey aliyepanga wapagazi, chakula na kambi, na kwa Cutler akajifunza jinsi ya kutoa mfupa dhaifu ardhini bila kuuvunja. Pengine hakuna somo la Cambridge lililomfaa zaidi ya hilo. Cutler alibaki baada yake, akafa kwa homa Lindi mwaka 1925.

Leakey alirudi chuoni, akatoa mihadhara ya malipo kuhusu dinosauri ili apate karo. Chini ya A. C. Haddon alisoma anthropolojia, akachunguza pinde na mishale ya Afrika katika makumbusho mbalimbali. Mwaka 1926 alihitimu kwa daraja la kwanza, na mwaka huohuo akaongoza msafara wake wa kwanza Kenya.

Olduvai na baadaye

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Mjerumani Hans Reck, aliyechimba huko mwaka 1913 bila kuona zana za mawe. Leakey aliweka dau kwamba angeziona ndani ya saa 24, akashinda. Reck hakuziona kwa kuwa alitafuta mawe ya aina inayotumika Ulaya, na Olduvai zana zilichongwa kwa mawe mengine.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwanajiolojia Percy Boswell alifika Kenya mwaka 1935, na Leakey akashindwa kumwonyesha kwa uhakika mahali alipopata mifupa ya Kanam na Kanjera. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, maana mahali hapo hapakuwekwa alama za kutosha. Kumwacha mke wake wa kwanza, Frida, na kumwoa Mary Nicol mwaka 1936 kulimfungia mlango wa kazi Cambridge.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini, Mary aliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Fuvu hilo ni mali ya Tanzania na huhifadhiwa Dar es Salaam. Mwaka 1964 Leakey na wenzake walitangaza Homo habilis. Ni yeye pia aliyemtuma Jane Goodall kuchunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, ingawa wakati huo Goodall hakuwa na shahada yoyote.

Alizikwa Limuru, Kenya.