Maisha ya Thomas Midgley, mutu aliyenyamazisha moteri

Nani kati yetu hajasikia kamyo yenye mizigo mingi ikipanda mlima? Ndani ya moteri inalia ka-ka-ka, sawa vile mutu anapiga chuma na nyundo. Moteri inagonga. Esansi inapashwa kuwaka kwa utaratibu kuanzia ku buji, lakini pistoni ikiibana sana, ile iliyobaki inajiwakia yenyewe kwa mara moja. Moteri za tirbo, zenye kusukumiwa hewa nyingi, zinaogopa ugonjwa huu zaidi.

Aliyeutafutia dawa ni Thomas Midgley. Alizaliwa mu 1889 ku Beaver Falls, Marekani, akasomea ufundi wa mashini ku Cornell mpaka 1911. Mu 1916 aliingia kazi kwa Bwana Charles Kettering ku Dayton. Alidhani kama mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatavuta joto na kuwaka vizuri. Rangi ile ilikosekana, akatia iyodi, ile dawa tunapakaa ku kidonda. Kugonga kukapungua! Kisha akapata rangi nyekundu za kweli, akazijaribu, bure kabisa. Wazo lilikuwa la uongo, na dawa ilikuwa ya kweli. (Sisi ambao hesabu zetu zinafikaka ku jibu kwa njia ya porini, habari hii inatupa moyo.)

Lakini iyodi ilikuwa ya bei kali na inakula chuma. Basi yeye na wenzake wakajaribu vitu vingi sana mu moteri ya silinda moja. Hawakutumaini masikio tu. Waliweka kapini juu ya silinda: moteri ikigonga, kapini kanaruka na kufunga njia ya umeme, umeme unapita mu maji yenye asidi na kutoa gazi, gazi ikiwa nyingi, kugonga ni kwingi. Teluri ilifaa, lakini harufu yake ilishika mu nguo kama kitunguu saumu.

Tarehe 9 Desemba 1921 wakajaribu tetraetili, maji yenye madini ya risasi. Santimetre kibe 3 hivi kwa galoni nzima, na moteri ikanyamaza. Mu 1923 esansi ile ikaanza kuuzwa ku Dayton.

Risasi ni sumu, na Midgley alijua. Mwanzo wa 1923 yeye mwenyewe aliugua kwa sababu yake, akaenda kupumzika Florida. Alijua tena kama alkoli inazuia kugonga. Mu Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey wakafa na wazimu. Tarehe 30 ya mwezi ule Midgley akasimama mbele ya watu wa magazeti, akanawa mikono na tetraetili, akavuta harufu yake, kusudi waamini haina hatari. Tumebishana mu chumba chetu usiku mzima: wengine wanasema alijidanganya mwenyewe. Sisi tunaona mutu aliyekwisha kuugua hawezi kusema hakujua.

Baadaye alitengeneza gazi za frigo, ambazo zilikuja kuonekana zinaharibu ozoni. Mu 1940 polio ikamkamata miguu. Akajifanyizia kamba na magurudumu za kumwinua ku kitanda, na tarehe 2 Novemba 1944 wakamkuta amenyongwa nazo.

Esansi yake iliendelea kuuzwa, na moshi wake kuharibu akili za watoto. Inchi ya mwisho kuiacha kwa magari ni Algeria, mu 2021.