Blind Lemon Jefferson: Mwanamuziki wa Gitaa kutoka Texas

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. (Alama 15)

Lemon Jefferson alizaliwa mwaka 1893 karibu na kijiji cha Coutchman, katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na wenye ardhi hiyo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa tangu mwaka 1865, lakini sheria za ubaguzi wa rangi ziliwanyima watu weusi haki nyingi, na umaskini uliendelea kurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Lemon alikuwa na mzigo wa ziada kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuona. Kijana kama yeye angepata riziki wapi, ilhali kazi iliyokuwapo ilikuwa ya jembe na pamba?

Alijibu swali hilo kwa gitaa. Akiwa bado kijana mdogo, alianza kupiga na kuimba kwenye karamu na mikusanyiko ya wakulima, na pia mitaani katika mji wa Wortham. Baadaye alihamia Dallas, akawa anapiga muziki katika mtaa wa Deep Ellum, uliojaa maduka na kumbi za starehe za watu weusi. Huko alishirikiana na Huddie Ledbetter, aliyejulikana baadaye kwa jina la Lead Belly. Mvulana aliyemshika mkono na kumwongoza barabarani wakati mwingine alikuwa T-Bone Walker, ambaye alipokua alipata umaarufu mkubwa kwa kupiga gitaa la umeme.

Wakati huo muziki wa bluzi ulikuwa tayari unauzwa katika santuri. Hata hivyo, waimbaji waliovuma zaidi walikuwa wanawake, kama vile Mamie Smith na Bessie Smith, walioimba wakisindikizwa na piano au bendi. Mambo yalibadilika mwaka 1926, santuri za Jefferson zilipotolewa na Paramount. Kampuni hii ilimilikiwa na kiwanda cha viti cha Wisconsin kilichotengeneza pia makabati ya gramafoni. Mwanamume mmoja, sauti moja na gitaa moja: santuri hizo zilinunuliwa kwa wingi, na kampuni zikaanza kuwasaka wapigaji wengine wa gitaa wa kusini. Kufikia mwaka 1929, Jefferson alikuwa amerekodi nyimbo zinazokaribia 100.

Upigaji wake haukuwa wa kawaida. Sauti yake nyembamba ilipanda juu, kisha alipomaliza mstari gitaa lilidakia na kujibu, kama watu wawili wanaojibizana. Hakufungwa na mapigo yaliyo sawasawa. Aliurefusha au kuufupisha mstari kadiri hisia zilivyomtuma. Ndiyo maana wengi waliojaribu kumwiga walishindwa. Nyimbo zake zilisimulia maisha ya watu aliowajua: ufukara, jela, safari, mapenzi na kifo.

Wimbo wake mmoja maarufu ni wa mtu anayeomba jambo dogo tu, kwamba kaburi lake litunzwe na kuwa safi. Jefferson alifariki dunia mjini Chicago mwezi Desemba 1929, wakati wa baridi kali, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Mwili wake ulirudishwa Texas kwa garimoshi, akazikwa Wortham katika makaburi ya watu weusi. Mtu aliyewaimbia maelfu ombi hilo alilala humo kwa miongo mingi bila jiwe lenye jina lake. Alama ya kumbukumbu iliwekwa mwaka 1967, tena mahali palipokisiwa tu, kwa kuwa kaburi lenyewe halikujulikana kwa hakika. Jiwe la kaburi lilisimamishwa mwaka 1997, na mwaka 2007 makaburi hayo yakapewa jina lake.

Hata hivyo, muziki wake haukuzikwa naye. B.B. King alizisikia santuri zake utotoni, akamhesabu miongoni mwa waliomfundisha kwa mbali. Bob Dylan aliuimba ule wimbo wa kaburi katika albamu yake ya kwanza, mwaka 1962. Carl Perkins alirekodi wimbo wenye mizizi katika "Matchbox Blues" ya Jefferson, na mwaka 1964 kundi la Beatles la Uingereza likaurekodi tena. Vijana wa ng'ambo wakawa wanacheza muziki uliochipuka katika mitaa ya Texas, wengi wao bila kumjua mwenyewe. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilivikwa pete mwenyewe akiwa amekwisha kulala.

Maswali

1. Taja mambo mawili yaliyofanya maisha ya utotoni ya Jefferson kuwa magumu. (alama 2)
2. Eleza jinsi santuri za Jefferson zilivyobadilisha biashara ya muziki wa bluzi. (alama 3)
3. Kwa nini ilikuwa vigumu kumwiga Jefferson? (alama 2)
4. Onyesha kinaya kinachojitokeza kuhusu kaburi la Jefferson. (alama 2)
5. Methali iliyotumiwa mwishoni mwa kifungu inaafikiana vipi na maisha ya Jefferson? (alama 3)
6. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (alama 3)
   (a) riziki
   (b) lilidakia
   (c) ufukara