Alexander Fleming na dozi isiyomalizika

Jumapili baada ya ibada, hapa kwetu Karavia mjini Lubumbashi, mazungumzo nje ya kanisa hayakawii kufika kwenye magonjwa. Mmoja anakohoa tangu Jumatano. Mama mmoja ametoka dispensari na karatasi yenye dawa nne, lakini pesa zake zinatosha mbili tu, nazo kwa nusu. Mwingine hakupita kwa daktari kabisa. Alisimama kwenye farmasi ya njiani, akaomba amoksisilini ya siku mbili, akaendelea na safari yake. Kwa hiyo tumeona vema tuwasimulie ndugu zetu wa makanisa ya mashariki maisha ya mtu aliyetufungulia mlango wa dawa hizi, na ambaye alituonya mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na Darvel, nchini Scotland. Baba yake alikuwa mkulima na mfugaji, akafa mtoto akiwa na miaka saba. Alipokuwa kijana mdogo alihamia London kwa ndugu zake, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne. Mjomba mmoja alipofariki na kumwachia urithi kidogo, kaka yake aliyekuwa daktari alimshauri autumie kusomea utabibu. Mwaka 1901 akaingia chuo cha hospitali ya St Mary's, na hapo ndipo alipofanya kazi karibu maisha yake yote.

Tukisimama kidogo hapa, kuna hadithi inayosimuliwa makanisani, na sisi wenyewe tumeisikia zaidi ya mara moja katika mahubiri. Inasema baba yake Fleming alimwokoa mtoto Winston Churchill asizame katika matope, na kwamba tajiri baba yake Churchill akamlipia Alexander masomo kwa shukrani. Kisha penisilini ikaja kumwokoa Churchill mara ya pili. Ni hadithi tamu, lakini si ya kweli. Fleming mwenyewe aliikana. Masomo yalitokana na urithi wa mjomba, na Churchill alipougua kichomi mwishoni mwa mwaka 1943 alitibiwa kwa dawa ya aina ya salfa. Wahubiri wenzetu watusamehe, ila mfano huo tuuache.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 Fleming alihudumu Boulogne, Ufaransa, katika hospitali ya majeruhi. Aliona askari wakifa si kwa risasi bali kwa vidonda vilivyooza. Madaktari walimimina dawa kali za kuua vijidudu ndani ya vidonda, naye akaonyesha kwamba katika vidonda virefu dawa hizo ziliua chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe kuliko zilivyoua vijidudu vilivyojificha chini. Wengi hawakumsikiliza. Lakini tangu siku hizo hakuacha kutafuta kitu kitakachoua kijidudu na kumwacha mtu salama. Mwaka 1921 alipata kitu cha namna hiyo katika kamasi zake mwenyewe akiwa na mafua, akakiita lisozimi, ila kiliua vijidudu visivyo na madhara makubwa tu.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo. Juu ya meza aliacha visahani alivyopandia stafilokoki, vijidudu vya majipu. Kimoja kilikuwa kimeota kuvu, na kuzunguka ile kuvu vijidudu vilikuwa vimeyeyuka. Mtu mwingine angekiosha. Fleming alikitazama, akaiotesha ile kuvu peke yake, akaupa umajimaji wake jina la penisilini, na mwaka 1929 akaandika matokeo. Kisha jambo likalala kwa miaka kumi, maana hakuweza kuitoa dawa ikiwa safi wala kuihifadhi.

Waliomalizia kazi ni watu wa Oxford: Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Februari 1941 walimpa dawa hiyo polisi Albert Alexander, ambaye maambukizo yalikuwa yamemla uso na jicho. Ndani ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa kidogo mno, hata waliikusanya tena kutoka katika mkojo wake. Siku ya tano ikaisha. Ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi Machi. Sisi tunaokatiza dozi kwa sababu homa imeshuka tungefaa kumkumbuka mtu huyu, ambaye angetoa chochote apate siku chache zaidi.

Desemba 1945 Fleming, Florey na Chain walipokea Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake Fleming hakuishia kwenye sifa. Alieleza kwamba vijidudu vikipewa penisilini kidogo isiyotosha kuviua, vinajifunza kuivumilia. Akatoa mfano wa mtu mwenye koo linalouma anayejinunulia dawa, anatumia kidogo, kisha anamwambukiza mke wake vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu. Mke anapata kichomi, dawa haimsaidii, anakufa. Naye akauliza ni nani mwenye lawama. Kijidudu alichokichagua katika mfano huo, kusema kweli, hadi leo hakijaishinda penisilini. Lakini vingine vilimthibitisha upesi: katika hospitali moja ya London, mwaka 1946 stafilokoki sugu zilikuwa kama 14 katika kila 100, mwaka 1948 zilikuwa 59.

Kwetu Kongo, mwaka 2019 watafiti walitangaza aina ya Salmonela inayoingia katika damu, ambayo karibu antibiotiki zote zilizozoeleka kuitibu haziiwezi. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu. Amoksisilini imo katika kundi la kwanza, linalopaswa kuwatosha wengi wa wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Seftriaksoni, ile sindano ambayo wengi wetu tunamdai daktari tukiamini kwamba pasipo sindano hatujatibiwa, imo katika kundi la pili, la kutumiwa kwa tahadhari. Na mafua, pamoja na sehemu kubwa ya vikohozi, huletwa na virusi, ambavyo hakuna antibiotiki ya kundi lolote inayoviua. Daktari anayemrudisha mgonjwa wa mafua bila antibiotiki hajamnyima kitu. Tunajua si rahisi kukubali hilo ukiwa umetembea kilomita nyingi na umelipa fishi ya kuingilia.

Fleming alizunguka nchi nyingi baada ya vita, akipewa heshima kila mahali, na mara kwa mara alisema kwamba dawa si yeye aliyeitengeneza, yeye aliikuta tu. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 11 Machi 1955 kwa ugonjwa wa moyo, ambao penisilini haina nguvu juu yake, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.